Mzee alinitazama nikakosa jibu: nani anawafundisha mawakili wa Zanzibar ushahidi wa ardhi za wazee?

WakiliUwandani (mwanzisha uzi)

Assalaam alaykum wanajukwaa. Uzi huu mrefu, naomba subira zenu.

Mimi ni wakili hapa Unguja. Kesi zangu nyingi ni za ardhi: mirathi ya mashamba, eka tatu zilizogawiwa baada ya Mapinduzi, viwanja vya pwani. Mwezi uliopita nilimaliza mafunzo ya mawakili kwa njia ya mtandao kuhusu haki za ardhi za jamii za asili na ulinzi wa turathi zao. Wasomeshaji walikuwa wa nje, na mifano yao ya Australia, Canada na Kenya. Nimefaidika sana, na anayetaka nitamweleza niliyoyapata. Ila kila somo likianza alikuwa akinijia mzee mmoja ambaye miaka michache nyuma nilimpeleka mahkamani kutoa ushahidi, akaaibika mbele ya wajukuu zake. Nataka nianze naye.

Ni mzee wa kijiji kimoja cha kusini mashariki; jina la kijiji naliweka kando kwa heshima ya familia. Alikuwa mvyale. Kwa wasioujua uwanda, ardhi yetu ya mawe: mvyale ni yule ambaye ukoo wake umekabidhiwa mzimu wa eneo, na zamani mtu hakuwa akifyeka maweni apande mtama au muhogo bila ya kumpitia yeye kwanza. Watu wa kijiji walinijia baada ya kuona uzio unapanda. Mkataba wa kukodishwa ardhi ulikwisha tiwa saini, ramani ilikwisha chorwa, na ndani ya ramani hiyo mlikuwa na pango lao, kisima na makaburi ya zamani.

Mzee alinichukua tukaenda. Alivaa makubadhi yaliyolika visigino, na katika mawe yale makali alikuwa akitembea mbele yangu kama yuko ukumbini kwake. Kila baada ya hatua mia hivi anasimama, anagusa. Mkwaju: hapa ndipo wanapoishia wa kiambo (makazi ya ukoo) cha juu. Jiwe lenye tundu: hapa waliteka maji kiangazi kikizidi. Mbuyu wenye kovu: kutoka hapa hadi pango haukatwi mti hata wa kuni. Kwenye mdomo wa pango palikuwa na chetezo cha udongo kilichomegeka ukingo, kitambaa cheupe kilichogeuka rangi ya vumbi, na maganda ya mayai. Alinitajia watu saba waliolitunza pango lile kabla yake, mmoja baada ya mmoja, na kila jina alilifunga na jambo: huyu aliwahi mwaka wa ndui, huyu ndiye aliyeupanda ule mwembe.

Mimi nilikuwa na kalamu mfukoni. Sikuandika hata jina moja. Nilikuwa natafuta hati.

Siku ya kesi, wakili wa upande wa pili alimuuliza kwa adabu kabisa: "Mzee wangu, haya umeyaona kwa macho yako au umeambiwa?" Mzee akajibu kweli, kama alivyo: "Nimeambiwa na baba, na baba kaambiwa na babu." Pingamizi likaja hapo hapo. Ushahidi wa kuambiwa. Mzee akageuka akanitazama mimi, na mimi sikuwa na jibu.

Jibu lilikuwepo. Sheria za ushahidi za ukanda wetu mama yao ni ile ya India ya 1872, na ndani yake mna mlango kwa ajili ya watu kama yeye: maneno ya mtu aliyekwisha kufa kuhusu mila au haki ya watu wote yanapokelewa, ikiwa ni mtu ambaye angeweza kulijua jambo lenyewe, na ikiwa aliyasema kabla ugomvi haujazuka. Maneno ya babu yake yalikuwa yanapita katika mlango huo. Wakili wake hakuufungua.

Sasa lisomeni tena lile sharti la mwisho: *kabla ugomvi haujazuka*. Mzee alifariki masika yaliyofuata. Yote aliyonionyesha uwandani alinionyesha uzio ukiwa umekwisha simama, kwa hiyo hata ningeyaandika, yangebeba uzito mdogo. Angekutana na mtu mwenye daftari miaka mitano nyuma, yangesimama mahkamani baada yake.

Ndiyo maana nasema mafunzo yetu ya ardhi yanaanzia mwisho. Tunasomeshwa vifungu, pingamizi na rufaa. Kazi ya kukaa na mzee kabla hajagombana na mtu, ukaandika anachokijua kwa namna ambayo mahkama itakikubali, hatusomeshwi popote. Na baya zaidi, wenzetu wengi waliosomea Dar wanarudi na Sheria ya Ardhi za Vijiji ya 1999 kichwani, wakati sheria ile haivuki bahari. Ardhi si jambo la Muungano. Kule halmashauri ya kijiji inasimamia ardhi ya kijiji kwa niaba ya wanakijiji. Huku shehia, yaani eneo la utawala chini ya sheha, haina ardhi. Yetu ni Sheria ya Umiliki wa Ardhi Namba 12 ya 1992, inayosema ardhi yote ya asili ni ya umma, imewekwa mikononi mwa Rais kwa niaba ya wananchi, na mtu ana haki ya matumizi. Ukienda kudai ardhi ya kijiji hapa umeshindwa kabla hujakaa. Unachoweza kuonyesha ni matumizi: nani, wapi, tangu lini, kwa idhini ya nani.

Karibuni wasaidizi wa sheria, wapimaji, wanachuo, na wazee wenye wajukuu wa kuwasomea.

KarafuuMbichi

Wa alaykum salaam wakili. Mimi msaidizi wa sheria huku Pemba, kaskazini. Kisa chako kimenigusa, maana wazee wa namna hiyo ninao watatu katika shehia yangu na sijawaandika.

Lakini nina suali. Hilo neno "jamii za asili" litatupeleka pabaya. Huku ukitaja asili tu, watu wanaanza kutazamana: huyu Mshirazi, huyu Mmanga, huyu babu yake alikuja kuchuma karafuu akabaki. Mimi siwezi kusimama barazani kwa sheha nikaanza na neno hilo. Tutaandika haki au tutafukua makaburi?

WakiliUwandani

Ndugu yangu, umegusa kidonda, na nakuomba usiliache suali lako likapita.

Katika Umoja wa Mataifa lipo Tamko la Haki za Watu wa Asili, lililopitishwa tarehe 13 Septemba 2007. Nchi 144 zilisema ndiyo, Tanzania ikiwemo. 4 zilikataa, nazo ni Australia, Canada, New Zealand na Marekani. 11 hazikuegemea upande. Tamko si mkataba, mahkama zetu hazifungwi nalo. Na serikali nyingi za Afrika, yetu ikiwemo, zimeshikilia kwamba Waafrika wote ni watu wa asili ya hapa, kwa hiyo hakuna wa kutengwa kwa jina hilo. Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu imelijibu hilo kwa namna niliyoipenda: haiulizi nani alitangulia kufika. Inatazama watu ambao maisha yao na mila zao zimefungamana na ardhi fulani, waliosukumwa pembeni kwa sababu ya maisha hayo, na ambao wenyewe wanajitambua hivyo.

Mimi barazani sitii neno asili kabisa. Nauliza haya: nani wanalitumia eneo hili? Wanaomba idhini kwa nani? Tangu wakati wa nani? Likifungwa kesho, nani atakosa nini? Mwenye babu kutoka Oman aliyechimba kisima pamoja na majirani zake anajibu sawa na Mtumbatu. Aliyepewa eka tatu baada ya 1964 anajibu, na aliyenyang'anywa shamba mwaka huo huo naye anajibu. Wote wapo, wanazikana. Msaidizi wa sheria anayeanza kwa kuuliza kabila amekwisha haribu ushahidi, maana kuanzia hapo kila mtu atasema kwa kuogopa.

NgamboKwetu

Wakili nakuheshimu, na nia yako naiona. Ila sisi ni Waislamu. Mzimu, chetezo, mayai pangoni, haya ni shirki. Mashekhe wametukataza tangu tuko chuoni. Vipi unasimama mbele ya hakimu kuyatetea?

WakiliUwandani

Suali la haki, na silikwepi. Mimi mwenyewe sijapata kuchoma ubani pangoni na sitachoma. Mwanangu akiniuliza nitamwambia kama walivyotwambia walimu wetu.

Lakini hakimu haulizwi kama mzimu upo. Anaulizwa kama watu wa hapa walikuwa wakilitunza eneo hili, kwa mpaka unaojulikana, na majirani wakiikubali amri yao. Mvyale anapokataza kukata mti kutoka mbuyu hadi pango, na watu wa viambo vitatu wakatii kwa miaka mingi, hiyo ni mamlaka juu ya ardhi. Iwe imetoka kwenye itikadi unayoikubali au usiyoikubali, imeacha alama inayoonekana: msitu mzito katikati ya maweni matupu, na kisima kisichokauka chini yake.

Msikiti wa Kizimkazi Dimbani una maandishi ya Kikufi ya mwaka 500 Hijria, yaani 1107 kwa Miladi. Hayo tunayalinda, na ni wajibu wetu. Sheria ya mambo ya kale tuliyorithi kutoka enzi za ukoloni imezoea kulinda vitu vya namna hiyo: ukuta, kaburi la mawe, gofu. Watu wa Makunduchi wanaosali Ijumaa ndio hao hao wanaopigana kwa magogo ya migomba siku ya Mwaka Kogwa na kukichoma kibanda cha makuti, na hakuna aliyewaambia wachague. Kiwanja kile kingefungwa na mwekezaji, ungetaka wakili wao aseme hawana haki kwa sababu ya kibanda?

NgamboKwetu

Hapo kwenye kisima nimekufahamu. Kwetu shamba kuna chanzo cha maji hivyo hivyo, bibi alikuwa hatuachi tukate hata fito. Sababu yake hatukuipenda ila maji tuliyanywa.

BintiMwani

Naomba niseme la wanawake, maana naona mnataja babu, baba, mzee.

Mimi ni wa pwani ya mashariki. Mama yangu analima mwani tangu kilimo hiki kilipoanza kwetu, mwishoni mwa miaka ya 1980. Kiambo chetu tumekipata kwa upande wa mama wa mama. Kwa mila yetu ukoo unashikwa kwa baba na kwa mama, mtoto wa kike ana haki sawa ya kujenga na kulima katika kiambo cha wazee wake. Sasa walipokuja watu wa utambuzi wa ardhi, mkutano uliitishwa asubuhi katika siku za bamvua. Bamvua! Wanawake wote tulikuwa chini baharini, maji yametoka mbali, ndizo siku pekee za kufunga mbegu na kuvuna. Tulipopanda mchana na magunia kichwani, majina yalikwisha andikwa. Ya waume. Mama akauliza na kiambo cha bibi yangu kimeandikwa nani, akaambiwa mumeo kakujibia.

Baba yangu ni mtu mwema na hakukusudia. Lakini akifa, kile kiambo kitagawiwa kama mali yake, na warithi wa upande wake wanaweza kupata fungu katika ardhi ambayo bibi yao hakuikanyaga.

WakiliUwandani

Dada yangu, wallahi umenifundisha jambo ambalo kozi nzima haikulitaja. Kuanzia leo katika daftari langu: mkutano wowote wa ardhi kijiji cha pwani uitishwe maji mafu, siku ambazo bahari haitoki mbali.

Na kwa mama, kama ile orodha bado haijafungwa, aende sasa kuweka pingamizi kwa maandishi, na mashahidi wawili wa upande wa bibi. Utambuzi una hatua ya kutangaza orodha ili watu waikague na wapinge. Ikishasajiliwa, mlango unakuwa mwembamba sana. Baba akikubali kusimama naye, basi hapana ugomvi. Kinaandikwa upya kama kilivyo, kiambo cha mama. Msisubiri mirathi. Kadhi atagawa mali ya marehemu kama alivyoikuta kwenye karatasi.

Mwanachuo_Tunguu

Shikamoo wakili. Nasoma sheria mwaka wa tatu. Umesema mafunzo yalikuwa na mifano ya nje. Tunaweza kupata kidogo? Sisi darasani Mabo tumeitaja kwa sentensi moja tu kisha tukaendelea.

WakiliUwandani

Marahaba. Nitakupa tatu, na nitakaa zaidi kwenye ile ambayo ingenisaidia mimi.

Mabo kwanza. Ni watu wa kisiwa, ndiyo sababu nilijiona nyumbani. Kisiwa chenyewe ni Mer, katika mlango wa bahari wa Torres, kaskazini mwa Australia. Eddie Koiki Mabo na wenzake walifungua kesi mwaka 1982 kudai kwamba bustani zao zina mipaka na wenyewe, kwa sheria yao wenyewe, kabla Mwingereza hajafika. Hukumu ilitoka tarehe 3 Juni 1992. Mabo alikuwa amefariki Januari mwaka ule ule. Mahkama Kuu ya Australia ikakataa ile hadithi ya kwamba nchi ile ilikuwa haina mwenyewe. Wengi wanaishia hapo. Mimi nakuomba utazame jinsi ushahidi ulivyokusanywa: jaji wa Queensland aliyepewa kazi ya kupima ukweli wa madai alisafiri hadi Mer kwenyewe mwaka 1989, akasikiliza watu juu ya ardhi wanayoizungumzia. Pale mtu anasema "mpaka wangu ule pale" na jaji anauona. Mzee wangu alitakiwa aueleze mkwaju wake ndani ya chumba chenye feni, kwa watu ambao hawakuwahi kuufika. Sheria zetu hazimkatazi hakimu kwenda kuona eneo. Wakili ndiye wa kuomba, na mimi sikuomba.

Ya pili ni Delgamuukw, ya Canada, ya watu wa Gitxsan na Wet'suwet'en. Hii nimeisoma mara nne. Wazee wao walileta mahkamani masimulizi ya koo zao na nyimbo zao, kwa sababu kwao wimbo ndio hati: unaeleza ukoo ulipita wapi, ulipoteza nani, ulipata vipi ardhi ile. Bibi mmoja alipotaka kuimba, jaji alisema sikio lake si la nyimbo, wimbo hautamfaa kitu. Bibi akaimba. Jaji akawasikiliza kwa miezi na miezi, kisha mwaka 1991 akawakatalia, na masimulizi yale hakuyapa uzito waliouomba. Mahkama ya Juu ya Canada, tarehe 11 Disemba 1997, ikasema amekosea: masimulizi ya mdomo yapimwe kwa haki sawa na karatasi, la sivyo watu wasiokuwa na maandishi hawatashinda kesi yoyote daima. Ikaamuru kesi isikilizwe upya.

Nilipofika kwenye yule bibi niliifunga kompyuta nikatoka nje. Mvyale wangu hakupewa hata nafasi ya kukataliwa kwa hukumu ndefu. Alikatwa kwenye sentensi ya kwanza, na aliyeiacha ikatwe nilikuwa mimi.

Ya tatu haina mahkama. Juukan Gorge, Australia Magharibi. Mapango mawili yenye alama za kuishi watu tangu miaka 46,000 iliyopita, ya watu wa Puutu Kunti Kurrama na Pinikura. Kampuni ya madini ya Rio Tinto iliyalipua tarehe 24 Mei 2020, na ilikuwa na kibali. Kibali kilitolewa 2013. Mwaka mmoja baadaye wachimbuaji wa mambo ya kale wakapata humo kipande cha nywele zilizosukwa, cha miaka kama 4,000, na vipimo vikaonyesha ni za mababu wa watu hao hao waliopo leo. Elimu ilikuja, lakini kibali kilikwisha tangulia, na sheria ya wakati ule haikuwa na njia ya kukirudisha nyuma. Wakuu watatu wa kampuni waliondoka kazini. Mapango hayakurudi.

Sasa linganisha na utaratibu wetu: mkataba wa kukodisha unatiwa saini, ndipo mtu anakwenda kutazama ndani mna nini. Mpangilio ni ule ule.

Bikoni

Mimi mpimaji, nimesoma uzi wote. Niongeze la fani yangu.

Visiwa vyetu vimepigwa picha kwa droni tangu 2016, picha safi kiasi cha kuhesabu minazi. Watu wanadhani sasa kila kitu kimo. Picha itakuonyesha mkwaju. Haitakwambia kwamba ni mpaka, wala wa nani na nani. Hiyo tunaipata kwa mguu tu.

Mkienda na wazee, fanyeni hivi. Simu yenye jipiesi inatosha kwa kuanzia. Kila alama ipigwe picha mzee akiwa ameigusa, iandikwe jina la mti kwa lugha ya kijiji, na nani aliitaja. Wazee wawili wakitofautiana, msichague. Chora mistari yote miwili na uandike huyu kasema hivi, huyu hivi. Ramani yenye mstari mmoja safi ambao nusu ya kijiji haiukubali inavunjwa na swali moja la wakili. Na eneo la mzimu aghlabu halina mstari, lina kitovu na ukingo unaofifia. Andikeni hivyo hivyo.

La miti: kwetu mikarafuu na minazi yaweza kuwa ya mtu mmoja na ardhi ya mwengine. Mimi nimepima shamba lenye wenye miti watano na mwenye ardhi mmoja, na hati ikatoka kwa jina moja. Orodha ya miti iwe karatasi ya peke yake.

WakiliUwandani

Ahsante sana fundi. Niongeze moja tu: muulizeni mzee kipi kisitoke. Kuna mahali wenyewe hawataki pajulikane na watalii wala na wapiga ramli. Mzee akisema hili lisiandikwe, kalamu iwekwe chini. Nakala zikae tatu: kwa familia, kwa wazee wa shehia, na moja katika bahasha iliyofungwa kwa wakili, imetiwa tarehe na saini za mashahidi. Tarehe ndiyo roho ya kazi hii, maana ndiyo itakayoonyesha kwamba maneno yalisemwa kabla ya ugomvi.

KarafuuMbichi

Wakili, na magofu je? Pujini kwa Mkama Ndume, mtawala wa zamani, karibu na Chake Chake, lile ni eneo la mambo ya kale linalojulikana, ngome ya karne ya 15 hivi. Wageni wanakuja wanaonyeshwa ukuta na handaki. Lakini watu wa pale wana hadithi zao za kisima, za wake wawili wa Mkama Ndume waliotengewa pa kutekea ili wasikutane, mmoja kwa ngazi, mmoja kwa ndoo. Na wapo wanaokwenda pale kwa nadhiri. Gofu lina ulinzi wa sheria. Haya mengine yana nini?

WakiliUwandani

Kwa sheria ya mambo ya kale, kidogo sana. Inalinda kitu kilichotangazwa, na mpaka unaishia pale palipochorwa. Hadithi ya kisima haina mpaka. Ukiwa huko, andika nani wanaisimulia, wanapita njia gani kwenda, na njia hiyo inapita katika mashamba ya nani. Mara nyingi kinachokufa mwanzo ni njia. Gofu linabaki na kibao chake, lakini mwenye nadhiri hana tena pa kupita.

Mwanachuo_Tunguu

Na tukishindwa hapa, kuna kwa kwenda? Mahkama ya Afrika si ipo Arusha?

WakiliUwandani

Ipo, na imefanya kazi kubwa. Tarehe 26 Mei 2017 iliamua kwamba Kenya ilivunja haki za Waogiek kwa kuwatoa msitu wa Mau, na ikaikataa hoja ya kwamba walitolewa ili msitu uhifadhiwe. Tarehe 23 Juni 2022 ikaamuru fidia ya zaidi ya shilingi milioni 157 za Kenya, na ardhi yao itambuliwe kwa jina la pamoja. Someni hukumu zote mbili.

Lakini mtu binafsi kutoka kwetu haingii tena moja kwa moja. Tanzania iliondoa Novemba 2019 lile tamko lililokuwa linawaruhusu watu binafsi na asasi kufungua kesi pale. Ile ya Waogiek yenyewe ilifikishwa na Tume ya Afrika, yenye makao Banjul, na mlango wa Tume bado uko wazi ukimaliza njia za nyumbani. Mahkama ya Afrika Mashariki nayo ipo, ila muda wake ni miezi miwili tangu jambo litokee au ulijue. Miezi miwili mwanakijiji bado anamtafuta sheha. Na kokote utakakokwenda utaulizwa swali lile lile aliloulizwa mzee wangu.

BintiMwani

Nimerudi, siku kumi na moja baadaye. Pingamizi la mama limepokelewa, baba amesaini.

Jana maji yalikuwa mafu, nikakaa na bibi yangu mdogo, ndugu wa bibi aliyefariki. Anakaribia miaka tisini. Nilikwenda na mdogo wangu wa kiume, simu, daftari na jirani wawili wa kutia saini. Tulimchukua kwa gari ya ng'ombe hadi kiamboni kwa sababu miguu haimchukui. Alitutajia mipaka minne: mtomondo, mkwaju, jiwe wanaloliita la kunolea, na mzambarau. Majina ya wanawake watano waliokaa pale kabla ya mama, yote nimeandika. Mtomondo tumeupiga picha mkono wake ukiwa juu. Jiwe pia.

Mzambarau tulizunguka sana. Bibi anasema upo, upo, geuzeni ng'ombe. Mwisho mdogo wangu akakuta kisiki ndani ya uwanja wa nyumba mpya, kimemwagiwa saruji nusu. Bibi akataka ashushwe. Akakishika, akatwambia andikeni, ulikuwa hapa.

Wakili, kisiki tunakiandikaje?

WakiliUwandani

Andika hivyo hivyo alivyosema, kwa maneno yake, na tarehe ya jana. Piga picha ya kisiki na ya nyumba kutoka pande nne kabla saruji haijamalizika. Muulize mwenye nyumba kwa upole nani aliukata na lini, mbele ya jirani wako wale wawili, usimlaumu, huenda hakujua. Halafu nitumie ujumbe wa faragha. Bikoni, kama uko Unguja wiki hii, naomba twende sote.

Bikoni

Nipo. Jumamosi asubuhi. Nitakuja na kamba.